Pondo la Babu

Mimi ni mtoto wa mjini, lakini likizo zangu nyingi za shule ya msingi nilizimalizia kwa Babu, Utete, kando ya Mto Rufiji. Babu alikuwa mvuvi. Akifika pahali anapotaka kutega, hulichomeka pondo kwenye tope, akafunga mtumbwi. Kazi yangu ilikuwa kulishika.

"Kaza mkono, mjukuu wangu. Linatetemeka hilo."

Kweli lilitetemeka, tena sio kidogo. Maji yalikwenda polepole kama mtu asiye na safari, lakini pondo lilicheza kushoto kulia mpaka mikono ikafa ganzi. Nikamuuliza nani analitikisa. Babu akacheka: "Mto nao una pumzi." Jioni tukarudi nyumbani, tukawasha kibatari, maana umeme hakuna.

Nilipofika sekondari nikaliuliza swali lile kwa mwalimu wa fizikia: je, mtikisiko ule hauwezi kuwasha taa? Mwalimu akasema umeme wa maji unataka maporomoko, sio vijiti. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hadi kidato cha nne jina langu likawa Pondo. Nikaacha kuuliza maswali, ndugu msomaji, na sio ya fizikia peke yake.

Miaka ikapita. Siku moja nikasoma habari za Michael Bernitsas, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwaka 2008 chuo hicho kilitangaza mtambo wake uitwao VIVACE. Nilisoma nikiwa nimesimama.

Maji yakipita kwenye mti wa mviringo, nyuma yake huacha vizunguko vidogo, kimoja upande huu, kingine upande ule, kwa zamu. Kila kizunguko kinapobanduka huuvuta mti kidogo. Mti wa unene wa sentimita 5, kwenye maji yaendayo mita 1 kwa sekunde, huvutwa hivyo kama mara 4 kila sekunde. Mvuto ukikutana na mwendo wa asili wa mti wenyewe, mtikisiko unakua, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kwa wakati wake.

Wahandisi waliuogopa mtikisiko huu miaka mingi, kwa sababu huchosha mabomba ya mafuta baharini hadi yakapasuka. Bernitsas mwenyewe alikuwa katika kazi hiyo ya kuuzima. Halafu akaligeuza swali: tukiuacha utikise, je? Akalaza magogo ya mviringo majini, akayashika kwa springi. Mkondo unayapandisha na kuyashusha, na mwendo huo unaendesha jenereta. Eti hata maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yanafaa! Walikwenda kuujaribu kwenye Mto St. Clair, hukohuko Michigan.

Nisikudanganye lakini. Maji ya polepole ni maskini. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 8. Kwa mwendo ule wa mita 1, kila mita ya mraba ya mkondo hubeba wati kama 500 tu, na hakuna mtambo unaozichukua zote. Juu ya Rufiji hiyohiyo, bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Pondo litashindana wapi? Mwalimu wangu hakukosea kuhusu maporomoko. Alikosea kunichekea. Swali la mtoto lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilihitaji mtu mmoja tu asiyeona haya kuuliza.

Babu alifariki kabla sijasoma haya. Hilo ndilo linaloniuma. Ningemwambia zile pumzi za mto zinahesabika.

Pondo lake liko kwa mjomba. Nilipokwenda mara ya mwisho nililiomba, nikalichomeka palepale, nikaanza kuhesabu. Nikapoteza hesabu mara tatu. Binti wa mjomba, wa darasa la nne, alikuwa amesimama ukingoni ananitazama.

"Kaka, nani analitikisa?"

Nikampisha alishike kwanza. Halafu nikamweleza.