Baba aliposhindwa kusujudu, tulimpa kiti badala ya kumpeleka hospitali

Kwa muda wa karibu miaka miwili baba yetu alikuwa akitoa salamu ya Swala kwa kugeuza kifua chake chote. Sisi watoto wake tulisimama naye safu moja, bega kwa bega, na jambo hilo tuliliona kila siku. Lakini kuona si kutambua. Tuliambizana kwamba huo ni utu uzima. Mtu akikaribia miaka sitini, tulisema, shingo hukaza kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Baada ya shingo likafuata rukuu. Mgongo wake, uliokuwa ukinyooka sawasawa, ukawa unainama nusu tu. Kisha ikafuata sijda: akishuka hushika zulia, akiinuka hutegemea bega la aliye karibu. Hapo tukafanya jambo tulilolihesabu kuwa ni wema kwa mzazi. Tulinunua kiti cha plastiki, tukakiweka mwisho wa safu ya mbele, na waumini wakatuombea dua kwa kumjali mzee wetu.

Ruhusa ya kuswali kwa kukaa ni rehema isiyo na shaka. Imran bin Huswayn (r.a.) alipopatwa na maradhi, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama; asipoweza, aswali kwa kukaa; na asipoweza, aswali kwa ubavu, kama ilivyopokewa na Imam Bukhari. Kosa halikuwa katika kiti. Kosa ni kwamba baada ya kukipata kiti tuliacha kuuliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: mtu huyu miaka michache iliyopita alikuwa akipalilia migomba kutwa nzima, ni kitu gani kimemfunga mgongo?

Ndugu wasomaji, sisi ni wakazi wa Maji ya Chai, katika wilaya ya Meru, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Jina la mahali petu linatokana na rangi ya mto wetu, ambao maji yake ni ya kahawia kama chai ya rangi. Mgeni huiogopa rangi hiyo, mwenyeji huizoea. Lakini rangi siyo yenye madhara tunayoyazungumzia hapa. Madhara yamo katika madini ya floraidi, ambayo hayana rangi, hayana harufu, wala hayana ladha. Chemchemi ing'aayo kama kioo yaweza kuwa nayo mengi kuliko mto wenye rangi ya chai.

Mlima Meru ni volkano. Maji yanayopenya katika miamba na majivu yake huyeyusha floraidi na kushuka nayo mpaka mitoni, chemchemini na visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi nchi yetu, kwa uzito wa kupata maji mengine, ilivumilia kiwango cha miligramu 8, kisha 4, kabla ya kuufikia mpaka huo wa 1.5. Vipimo vilivyochapishwa vya mito ya upande huu wa Meru vimeonesha zaidi ya miligramu 10, na maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Arusha, yana mamia. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyachafua, na ikizidi sana kwa miaka mingi, hujikusanya katika mifupa.

Alama ya kwanza tulikuwa nayo vinywani mwetu tangu utoto. Meno yetu ni ya kahawia, mengine yana vishimo. Tunapokwenda Dar es Salaam, mtu hutuuliza kabla hatujataja kwetu, "Ninyi ni wa Arusha?" Dada zetu walijifunza mapema kucheka huku wamefunika mdomo. Tuliifanya alama hii kuwa kitambulisho cha mahali, na mara nyingine mzaha, hatukuifanya onyo. Kwa kuwa meno hayaumi, nani ampeleke mtoto kwa daktari kwa ajili ya rangi?

Na hapa ndipo tulipopotea zaidi, maana meno ya baba yalikuwa meupe. Yeye alizaliwa Kondoa, akaja huku kijana wa miaka 24 kutafuta kazi mashambani. Alikuwa akitutania kwamba sisi wanawe tumerithi mlima, naye amebaki na meno ya kwao. Kwa hiyo, siku ambapo mjomba mmoja alitaja maji, sote tulimjibu kwa sauti moja: hapana, tazama meno yake.

Hatukujua jambo ambalo kila familia ya huku inapaswa kulijua. Floraidi hulichafua jino wakati jino linapoumbwa ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane ya mwanzo ya umri. Aliyehamia akiwa mtu mzima, meno yake hayabadiliki hata akiyanywa maji hayo miaka thelathini. Mifupa yake haina kinga hiyo. Kwa hiyo meno meupe ya mhamiaji si hati ya afya, kama ambavyo meno ya kahawia ya mwenyeji peke yake si hukumu kwamba mifupa imeharibika.

Baba alianza kujikwaa. Alisema nyayo zake zina ganzi, kana kwamba anakanyaga pamba. Katika zahanati moja alipewa dawa za kutuliza maumivu, akaambiwa ni uzee. Nasi tuliridhika, kwani neno hilo tulikwisha kulisema wenyewe. Dawa zilipoisha tulinunua nyingine duka la dawa, tena na tena. Miezi saba ilipita hivyo. Asubuhi moja ya mwezi wa Shaaban alishindwa kuinuka kitandani kwenda kutawadha, miguu ikawa haimtii. Ndipo tukampakia garini tukampeleka hospitali ya rufaa.

Daktari aliyempokea alimpima miguu na mgongo, akamtaka ageuze shingo, kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Mnakunywa maji gani nyumbani?" Picha ya eksirei ilipotoka, alituonesha mifupa ya uti wa mgongo iliyokuwa myeupe na minene kupita kiasi, na kano zinazopaswa kuwa laini zikiwa zimegeuka kuwa ngumu kama mfupa. Njia ya uti wa mgongo ilikuwa imebanwa. Ganzi ya nyayo haikuwa uzee. Ilikuwa ni mishipa ya fahamu ikilalamika. Akatuambia kwa upole kwamba maradhi haya hayana dawa ya kuirudisha mifupa ilivyokuwa, ila kuyaacha maji yale huzuia yasiendelee, na huenda maumivu yakapungua kadiri miaka inavyopita. Kisha akauliza, "Nyumbani kuna watoto wa umri gani?"

Swali hilo la pili ndilo lililotunyima usingizi. Yupo mjukuu wa miaka mitatu, meno yake ya ukubwani yanaumbwa sasa hivi ndani ya ufizi. Katika vijiji vya ukanda huu, kama Tindigani wilayani Hai, wataalamu wameeleza juu ya watoto waliopinda miguu kwa sababu ya floraidi. Matege tumeyaona hapa kwetu pia, tukasema mtoto amebebwa vibaya.

Tunaandika haya ili familia nyingine isikae miaka miwili kama sisi. Itazameni Swala ya wazee wenu, na ya nafsi zenu. Mwenyezi Mungu ametupa ibada ambayo kila siku huvigusa viungo karibu vyote. Atakayeiangalia kwa makini ataona mapema kile kinachofichika. Je, shingo inageuka kulia na kushoto bila kifua kufuata? Je, mgongo unanyooka katika rukuu? Je, magoti na vifundo vya miguu vinakubali kikao cha tahiyatu? Je, ukakamavu wa asubuhi unazidi mwezi hadi mwezi? Aliye na mojawapo ya haya, na likaendelea, aende hospitali, amweleze daktari ameishi wapi na anakunywa maji gani. Huenda ikawa ni ugonjwa mwingine kabisa, kwani hata kifua kikuu huingia katika uti wa mgongo, na kisukari huleta ganzi ya nyayo. Kujua ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kutochelewa. Na miguu ikilegea ghafla, au haja ndogo ikawa haizuiliki, hilo si la kungoja kesho.

Kisha liangalieni jiko. Tulizoea kusema kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe hubaki na kukolea. Magadi tunayotia katika maharage na makande ili yaive upesi nayo yana floraidi, na majani ya chai huiongeza. Hivyo futari yetu ya uji, maharage ya magadi na chai nzito ilikuwa ikituzidishia jambo lile lile mara tatu. Sasa magadi tumeyaacha. Maharage tunayaloweka tangu usiku.

Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji hayo. Suratul Baqarah, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza. Katika nchi yenye maji kama yetu tumeiona hekima nyingine katika mwongozo huo. Hatari huongezeka pale uji na maziwa ya kopo vinapokorogwa kwa maji ya mto.

Mvua ndiyo hazina iliyo juu ya vichwa vyetu, kwani maji yake hayakupita katika mwamba. Paa la bati la mita za mraba 40, ikinyesha milimita 10 tu, hupokea lita 400. Tukitoa yanayopotea, hubaki kama 320. Familia ya watu sita, kwa lita tano kila mtu za kunywa na kupikia, hutumia 30 kwa siku. Basi mvua moja ya wastani ni akiba ya siku kumi. Tumechanga, tumeweka mifereji na tangi. Maji ya mwanzo yaliyoosha vumbi la bati tunayaacha yapite, na ya kunywa tunayachemsha. Maji ya mto yamebaki kwa kufua, kuoga na kutawadha. Baba aliingiwa na wasiwasi juu ya udhu, tukamuuliza sheikh wetu; akatufahamisha kwamba maji yaliyobadilika rangi kwa asili ya njia yake yangali twahara. Wala floraidi haiingii mwilini kwa kuosha ngozi kama inavyoingia kwa kunywa.

Wasioweza kununua tangi, wapo wanaotumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa jirani, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Mkaa huo huchoka, hivyo lazima ubadilishwe kwa wakati. Na kwetu Waislamu inafaa kuuliza mifupa imetoka kwa mnyama aliyechinjwa vipi.

Baba yu hai, alhamdulillah. Anatembea kwa fimbo, na kiti chake kingali mwisho wa safu ya mbele. Hatukioni tena kama zamani. Juma lililopita mjukuu wake alimletea kikombe cha maji ya tangi, naye kabla ya kusema bismillahi akamuuliza, "Haya ni ya juu au ya chini?" Mtoto akajibu, "Ya juu, babu." Akanywa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye yeye na wagonjwa wote, na atujaalie macho ya kutambua tunayoyaona. Amin.