Alama za Kupeleka na Alama za Kuzuia

Msomaji, yamkini siku moja utataka kusoma katika chuo cha Marekani, nawe utakutana na jambo ambalo mitihani yetu ya taifa haikukuzoesha. Kwetu mtihani hufanywa, matokeo hutangazwa, na kila aulizaye huonyeshwa hayo hayo. Kule mtahiniwa aweza kuufanya mtihani uitwao SAT mara mbili au tatu, kisha akachagua alama za siku ipi zipelekwe chuoni na za siku ipi zisalie sandukuni. Hiari hiyo ilianza mwaka 2009. Mtihani una sehemu mbili, kusoma na kuandika, kisha hesabu; kila moja ina alama 800.

Hiari ni tamu, lakini vyuo havina kanuni moja. Viko viokotavyo sehemu bora ya kila siku: aliyepata 700 za hesabu mwezi wa Machi, na 680 za kusoma mwezi wa Oktoba, huhesabiwa 1380. Mtu wa namna hiyo akiizuia karatasi ya Machi kwa kuwa jumla yake ilikuwa ndogo, ameifukia hesabu yake bora kwa mkono wake. Vyuo vikuu vya jimbo la California havizitazami alama hizo kabisa katika kuchagua wanafunzi. Viko pia vidaivyo kuziona zote. Huko kuficha si werevu, ni kuvunja sharti.

Vingine vimemwachia mwombaji mwenyewe apeleke au asipeleke. Bowdoin kilifanya hivyo mwaka 1969, na vingi vikafuata mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vyumba vya mitihani. Lakini mwaka 2024 Dartmouth kilitangaza kurudisha sharti la alama, kwa kuwa wachunguzi wake waliona kwamba baadhi ya watoto wa jamaa maskini walizuia alama ambazo zingewafaa. Walijipima kwa wastani wa chuo, wakaona haya. Kumbe wachaguzi walizisoma alama hizo pamoja na hali ya shule zilikotoka. Jambo hili lanisikitisha kuliko yote niliyoyataja.

Mpwa wangu alipata 1390. Chuo alichokitamani kilikuwa kimetangaza alama za wanafunzi wake, na zake zilikuwa chini ya wengi wao.

“Mjomba, si aibu hii?”

Nikamwuliza ni nani shuleni kwao aliyepata kumpita. Akafikiri, akasema hayupo, wala hajapata kuwapo.

“Basi waficha nini?”

Alinyamaza kitambo, tena kwa ukaidi, maana ni mtoto wa dada yangu kweli kweli. Alizipeleka mwezi wa Novemba. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi. Mpaka hapo mama yake haulizi, nami siulizi.