Kipapasio cha Mende

Mwaka uliopita niliombwa niupitie kwa jicho la lugha muswada wa kitabu cha sayansi cha watoto. Katika mchoro wa mende, zile nyuzi mbili ndefu zitokazo kichwani ziliandikiwa "antena". Nikapendekeza "kipapasio". Mhariri akanijibu kwa upole kwamba antena ni neno fupi, limezoeleka, na watoto watalikuta tena sekondari. Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini neno la kwanza alilofunzwa mtoto ndilo atakalozeeka nalo, kwa hiyo niliona inafaa kuyapima maneno haya mawili.

Antena ni neno lililosafiri sana. Katika Kilatini lilikuwa jina la foromali, ule mti unaobeba tanga la chombo. Wagiriki waliviita viungo hivi pembe, na neno lenye asili hiyo hiyo walilitumia pia kwa foromali. Karne ya 15, Theodorus Gaza alipovifasiri kwa Kilatini vitabu vya Aristotle kuhusu wanyama, aliiweka foromali kichwani mwa mdudu, nayo sayansi ikaipokea. Baadaye redio ikalichukua neno hilo, na sisi tukalipata kutoka mapaani. Ndiyo maana mtoto wetu asomapo "antena ya mende" huviona kwanza vyuma vya televisheni, kisha mdudu.

Kipapasio kimezaliwa nyumbani. Papasa huzaa papasia, na papasia huzaa kipapasio, kama vile chuja ilivyozaa chujia na kichujio. Mtoto aliyekwisha kushika kichujio cha tui ana ufunguo wa neno hili kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Nilipomweleza mhariri hayo, aliniuliza swali gumu zaidi: je, kupapasa si kugusa tu? Nondo dume wa hariri huinasa harufu ya jike kwa vipapasio vyake. Mbu dume huusikia mvumo wa mabawa ya jike kwa kiungo kilichomo karibu na shina la kipapasio. Je, neno letu halimpunji mdudu?

Naona halimpunji. Mwenye kuona njia hapapasi. Hupapasa aliye gizani, anayetafuta mlango, kiberiti au mkono wa mwenziwe. Ndani ya kitenzi hiki kugusa ni njia, na kutafuta ndiko kusudi. Nondo anayeifuata harufu usiku na mbu anayetega sikio wote wamo katika kutafuta huko. Mhariri aliridhika: kipapasio kikakaa kwenye mchoro, antena ikawekwa katika faharasa.

Kwa washairi nina tahadhari mbili. Kwanza, msilikate neno likawa "papasi". Jina hilo lina mwenyewe, yule jamaa wa kupe anayeeneza homa ya papasi, naye hana kipapasio hata kimoja. Pili, hesabuni vyema. Mdudu kamili, kama mende, nyuki au siafu, ana jozi moja. Kaa na kamba wana jozi mbili. Buibui, nge na kupe hawana kabisa. Anayemtungia buibui ubeti wa vipapasio amempa mali isiyo yake. Miguu miwili midogo iliyo mbele ya uso wa buibui, ambayo hugusia vitu, wataalamu huiita pedipalpi.

Kuhusu umbo, neno limo katika ngeli ya ki-vi: kipapasio chake, vipapasio vyake. Lina mizani mitano na kina cha -o kisichomsumbua mtunzi. "Vipapasio vya mende" ni mizani minane kamili, kipande kizima cha mshororo wa tarbia. Kipande cha pili nawaachieni ninyi.