Likizo ya baba si ya kuuza

Dereva mmoja wa basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam, mkazi wa Madimba, alikuwa hakatai safari. Mwenzake akiugua, anaendesha yeye. Mwenzake akipata msiba, ni yeye tena. Likizo ikifika, anaomba abaki kazini. Kila safari ya ziada ilikuwa na posho, na nyumba ilikuwa inasubiri mabati.

Mtoto wa tatu alipozaliwa, sheria ilimpa baba siku 3 za mapumziko yenye malipo. Alitumia moja tu.

Alfajiri moja, karibu na Nangurukuru, kondakta alimshika bega. "Kaka, umelala?" Macho yalikuwa yamefumba sekunde chache tu, lakini tairi lilishaacha lami. Aliegesha, akanawa uso. Wazazi wenzangu, maji na kahawa huchelewesha usingizi kwa muda mfupi. Dawa yake ni kulala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne.

Msimu wa korosho alichukua siku zote 28. Wiki ya kwanza alilala sana. Ya pili, watoto walimfuata mikoroshoni.

"Mabati tutanunua mwakani, baba watoto," mkewe alimwambia.

Januari ikianza, kaeni wote wawili na kalenda. Pangeni likizo kwanza, safari za ziada baadaye.