Urithi wa Vidole

Desturi iliyokaa katika vidole ni mali ya mwenyewe, wala si haki kumnyang'anya kwa sababu tu amebadilishiwa meza. Ushahidi wa neno hili u karibu. Katika maduka ya steshenari ya Kariakoo wamo wapiga chapa wa makamo waliojifunza kazi yao juu ya mashine ya taipu. Mashine zimekwenda zao, lakini mpango wa herufi uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1870 umesalia katika kompyuta. Kiswahili hakikutakwa shauri. Herufi A, ambayo lugha hii huitumia kupita zote, ilitupiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto; Q na X, zisizo na kazi katika tahajia yake, zikakaa kama wageni waliosahau kuaga. Walakini mkono umekwisha zoea, na mteja aliyesimama mlangoni na barua ya kuomba kazi hana saa ya kungoja mtu ajifunze upya.

Ghorofani, juu ya zogo la Mtaa wa Aggrey, kijana mtunga programu alipatwa na shida ya namna hiyo. Ofisi iliyompa kazi ilimwamuru aache Vim, ahamie karakana mpya ya kuandikia programu, iwe moja kwa wote. Naye alilipwa kwa kazi iliyokamilika, si kwa siku. Mkono ukipunguza mwendo, sufuria ya nyumbani hupungua pia.

Vitufe alivyovizoea vina nasaba. Mwaka 1976 Bill Joy alitunga vi huko Berkeley, California, akitumia mashine isiyokuwa na vitufe vya mishale mbali. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L. Mashine ile ilikwisha kitambo, ila herufi hizo nne zingali zikipeleka alama ya kuandikia kushoto, chini, juu na kulia, na mkono hauondoki mahali pake kutafuta kipanya.

Karakana mpya, kama Visual Studio Code iliyotolewa mwaka 2015, huipokea desturi hiyo kwa kiraka cha nyongeza. Kiraka kinachojua herufi nne tu hakifai. Kontroli na F katika Vim hupeleka mbele ukurasa mzima. Katika karakana mpya hutafuta neno. Kitufe kimoja kimepata mabwana wawili, basi sharti mwenye mkono aulizwe amtii nani. Kijana alipata kiraka kilichomwuliza, na baada ya siku chache kasi yake ikarudi.

Kitu kimoja hakikurudi. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa watu mwaka 1991, alifanya kazi ya maji na usafi mwaka 1994 huko Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, mahali ambapo UKIMWI uliacha mayatima wengi. Hakudai bei ya programu yake. Aliomba anayefaidika awachangie watoto wa Kibaale, na kwa miaka mingi mtu akifungua Vim bila waraka alikuta ombi hilo katikati ya kioo. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Kiraka huchukua vitufe, hakichukui ombi. Vidole vya kijana vinakwenda mbio juu ya H na L, na jina la Uganda halionekani tena katika kioo chake.