Gari Lizeekalo Kimya

Gari la petroli likizeeka hukohoa na kutoa moshi. Gari la umeme huzeeka kimya. Breki zake huweza kushika kutu kwa kukosa kazi, maana mota husaidia kupunguza mwendo. Lakini kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni uchovu wa betri. Nilipokwenda kutazama Nissan Leaf kuukuu, kwa akiba ya miaka mingi, sikuridhika na rangi wala hesabu ya kilomita. Nilihesabu vistari vya afya ya betri mbele ya dereva. Gari jipya huwa na 12; lile lilibakiwa na 8. Betri hiyo haipozwi kwa maji, na joto huidhuru. Muuzaji alisifu mng'ao. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Nikaondoka na akiba yangu.