Tulifuata njia ya maksai hadi Sergoit

Likizo inapobisha hodi wazazi wengi wa mjini hujua mambo mawili tu: kuwapeleka watoto Mombasa, au kuwapeleka kwa nyanya yao. Hebu leo nikupe njia ya tatu, isiyo na kiingilio wala mwongozaji wa watalii. Ni barabara ya Nakuru hadi Eldoret, ambayo huenda umeipita mara kumi huku ukisinzia garini.

Mwaka wa 1908 Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliteremka melini Mombasa wakiwa na farasi na magari yao ya kukokotwa. Wakapanda garimoshi hadi Nakuru. Kutoka hapo reli ilielekea Kisumu, nao walikuwa wameipania nyanda ya Uasin Gishu ambako garimoshi halikufika hadi 1924. Basi wakatafuta ng'ombe, wakawafunza nira, na mwezi wa Agosti wakaanza kuupanda mlima. Walifika Sergoit mwezi wa Oktoba. Mwendo ambao matatu huumaliza kwa saa chache, wao uliwala zaidi ya miezi miwili!

Utauliza, mwanamke wa Nyamira anatafuta nini katika njia ya Makaburu? Swali ni zuri. Marehemu sokoro, yaani babu yangu, aliajiriwa akiwa kijana na mlowezi mmoja upande wa Sotik. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya maksai, kamba mkononi, kutoka shambani hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo siku hizi yaitwa Kipkelion. Walikwenda na mahindi, wakarudi na chumvi, misumari na mabati. Alizoea kutuambia kwamba gari la maksai haliogopi mlima bali mteremko, kwa sababu mzigo huwasukuma wanyama kwa nyuma. Kwa hivyo magurudumu ya nyuma hufungwa mnyororo, yabururwe bila kuzunguka. Mzungu alikaa juu ya gari. Aliyekanyaga tope ni sokoro.

Uhuru ulipokuja, mashamba ya walowezi katika eneo la Borabu yalinunuliwa na kugawiwa familia za Abagusii kwa mkopo. Sokoro akapata kipande chake karibu na Nyansiongo. Hapo ndipo alipozaliwa baba yangu, na ndipo nilipozaliwa mimi.

Nilifunga safari na binti wa dada yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu asiyependa historia hata kidogo. Tulitoka Keroka alfajiri, tukapita Chepilat, Sotik na Kericho, tukalala Nakuru. Kesho yake tukaanza kupanda.

Ukifika Timboroa, shuka. Usikubali makanga akuharakishe. Mahali hapa pako zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kwa hivyo beba koti, tena koti la kweli. Wachuuzi watakuzingira na viazi na karoti. Wanunulie kidogo, kisha simama kando ya barabara uyatazame mabonde yale yenye majimaji. Gari moja la Makaburu lilihitaji hata maksai 16. Likizama topeni, maksai wa gari jingine walifunguliwa wakaongezwa mbele. Pasipopitika, ilibidi miti ikatwe na magogo yapangwe juu ya kinamasi ili magurudumu yapite. Mpwa wangu alitafuta kibao chochote cha kuonyesha kwamba mambo hayo yalitokea hapo. Hatukuona hata kimoja.

Burnt Forest tuliingia hotelini kunywa chai. Mzee mmoja aliyekaa meza ya pili alisikia mazungumzo yetu, akacheka. "Vitabu vinasema Mzungu alikuta nyasi tupu," akasema. "Sasa nyasi tupu, mama, zililiwa na nani kabla yake?"

Naam, hapo ndipo mpwa wangu alipoacha kuchezea simu. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wametawanywa na vita katika karne ya 19, na Wanandi wakawa wakichunga huko. Wanandi nao walipigana na Waingereza miaka mingi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka wa 1905, kisha wakasukumwa katika eneo walilotengewa. Miaka mitatu baadaye magari yakawasili. Na mwaka huo huo wa 1908, mwezi wa Januari, kwetu Gusii Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni. Jeshi likaletwa, nyumba zikateketezwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu.

"Kwa hivyo, mama mdogo," binti akaniuliza, "shamba la sokoro lilikuwa la nani?"

Msomaji, ungemjibu nini? Nilimwambia kwamba sokoro alililipia, na risiti za mkopo zimo katika kisanduku cha bati chumbani mwa baba. Hilo ni kweli tupu. Lakini risiti hizo hazisemi lolote kuhusu waliochunga pale kabla ya mlowezi. Na mwanzoni mwa 2008, nyumba zilipochomwa pale Chepilat, mpakani mwetu na Wakipsigis, hakuna aliyeuliza risiti.

Eldoret tulipita upesi. Wenyeji wa zamani huuita mji huo Sisibo, kutokana na Shamba Nambari 64 ambapo ulianzia. Husimuliwa pia kwamba kasha la benki lilianguka kutoka garini, likawa zito mno kuinuliwa, basi benki ikajengwa kulizunguka! Sergoit kwenyewe ni kilima cha mawe kilichosimama peke yake kati ya mashamba, ukielekea Iten. Omba ruhusa kabla ya kukatiza shamba la mtu. Makaburu wengi waliondoka wakati wa Uhuru, na leo mashamba ni ya wengine.

Tuliporudi Nyansiongo, mpwa wangu alimwomba babu yake kile kisanduku. Walizisoma risiti moja moja mezani, taa ikiwaka hadi usiku. Kisha akamwuliza ni akina nani waliokuwa wakichunga hapo zamani. Baba alinyamaza kitambo, akataja ukoo wa Kipsigis ng'ambo ya mto, ambao sokoro alizoea kubadilishana nao wimbi kwa maziwa. Mzee wa ukoo huo yu hai. Jumamosi ijayo tutakwenda kumwona, na binti ameshaandika maswali yake.